Msiba Usio na Kaburi

Kwenye filamu nyingi za msiba, familia hukutana kaburini. Udongo unatiwa, watu wanalia, kisha wanarudi nyumbani kugombana na kupatana. Sasa liondoe hilo kaburi. Familia inaanzia wapi?

Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wanalijua swali hili. Usiku wa Septemba 9, 2011, MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, na watu walikuwa wakirudi makwao. Meli iliruhusiwa abiria 645. Waliopanda walikuwa wengi mno kuliko hao. Usiku wa manane kuamkia tarehe 10, ikazama kwenye mkondo wa Nungwi. Wapo walioelea juu ya magodoro yaliyokuwa kwenye shehena mpaka wakaokolewa. Wavuvi wa Nungwi nao waliingia baharini kusaidia.

Maiti walipelekwa viwanja vya Maisara, mjini, ndugu wakapita kuwatambua. Aliyempata wake alilia, lakini alijua la kufanya: kuosha, kukafini, kusalia, kuzika. Na aliyemkosa je?

Mwanzoni hesabu iliyotajwa ilikuwa ya maiti walioopolewa: 203. Januari 2012, ripoti ya tume ya uchunguzi ikawataja na wasioonekana, 1,370. Jumla 1,573. Yaani kwa kila maiti mmoja aliyepatikana, karibu saba walibaki baharini.

Kwa asiyepatikana ipo swala ya maiti ghaibu. Lakini bado nyumbani kuna mambo. Mjane anaanza lini kuhesabu eda yake ya miezi minne na siku kumi, kama hakuna wa kumwambia kwa yakini kuwa mumewe amefariki? Mirathi nayo inagawiwa lini? Mtoto aambiwe baba amekufa au amepotea? Ndiyo maana ile 1,370 si takwimu ya kupita tu. Bila kaburi, kuhesabiwa ndiko kukiri kwamba mtu huyu alikuwepo, alipanda, hakurudi.

Mwaka haukuisha. Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, na Wazanzibari wakarudi tena kusubiri maiti.

Atakayetengeneza filamu ya msiba huu asitafute makaburi. Aanze na familia ukumbini, chakula kimepoa, na kila mlango ukibishwa, wote wanageuka kutazama.