Barua ya Februari 1977

Katika sherehe hii, tunapohesabu miaka na matawi ya ushirika wetu, nakuomba tukumbuke barua moja.

Uamsho wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930 ulivuka mipaka bila pasipoti: Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika. Mwaka 1948 ukamfikia mwalimu kijana wa Kiacholi, Janani Luwum, akaokoka. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Anglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Siku hizo, chini ya Idi Amin, watu walikuwa wanapotea. Tarehe 5 Februari 1977, usiku wa manane, askari walipekua nyumba ya Luwum, eti wanatafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu wakamwandikia Rais. Hawakuomba vyeo wala upendeleo. Walilalamikia mauaji ya wananchi. Tarehe 16 Luwum akauawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari.

Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, alivuka milima kwa miguu na mkewe hadi Rwanda. Baadaye akaandika kitabu kusema anampenda Idi Amin. Alisamehe, lakini uovu hakuuita wema. Mwaka huohuo makundi mengi ya dini yakapigwa marufuku, Wapentekoste wakiwamo, na waumini wakaomba kwa siri majumbani.

Kwa nini nakukumbusha haya? Leo katiba za Kenya na Uganda zinasema hakuna dini ya taifa, na vijana wetu wengi wanatuambia: dini ibaki kanisani. Sisi walokole tunajibu vipi? Wengine tunanyamaza, tukisema siasa ni ya dunia. Wengine tunamwita mgombea madhabahuni na kumpa maiki. Barua ile haikufanya hivyo. Inatukumbusha fundisho la Mwanzo 1:27, kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, awe ameokoka, awe Mwislamu, awe hana dini kabisa. Ndiyo maana hata mjane asiyeingia kanisani angeielewa.

Basi, mpendwa, tusilie kwamba jamii haitusikii. Tujiulize kwanza: jirani yetu akionewa, amewahi kutusikia tukimtetea? Soma Mithali 31:8, halafu ujibu mwenyewe mbele za Bwana. Amina.