Kidonda cha Tumbo: Jina, Mahali na Tiba

Miongoni mwa majina ya maradhi yaliyokwisha kutulia katika ndimi za Waswahili, pwani na bara, vidonda vya tumbo ni jina lenye bahati njema na bahati mbaya kwa pamoja: njema kwa kuwa limeundwa kwa maneno mawili ya kwetu ambayo kila mtu huyafahamu bila ya kufasiriwa, na mbaya kwa kuwa, kwa wepesi wake huo huo, limefanywa litaje kila kichomi, kila riahi na kila kiungulia kinachompata mtu baina ya koo na kitovu. Aliyekula akavimbiwa husema ana vidonda. Anayecheua maji makali usiku husema ana vidonda. Na muuza duka la dawa naye, kabla hajamwuliza mteja wake maumivu yalianza lini na huja wakati gani, aghalabu humkabidhi vidonge vyeupe vya kutafuna vya magnesiamu kwa jina hilo hilo. Nia yangu ni kulirudisha jina hili katika mipaka yake, maana jina la maradhi likitolewa kwa dhana, dawa nayo hutolewa kwa dhana, ilhali maradhi haya yana tiba ya yakini ambayo wengi hawaifikii kwa sababu wamekwisha kujipa jina na wakaridhika nalo.

Kiswahili hupambanua baina ya jeraha, litokanalo na kisu, mwiba au mwanguko, na kidonda, ambacho ni mahali palipolika ngozi au utando wa ndani pakabaki nyama wazi; kikikua na kukaidi kupona huitwa donda, na likiwa sugu likazidi kuchimba nyama huitwa donda ndugu. Waarabu husema karha, lakini neno hilo halikupata makao kwetu kwa maana hiyo, ingawa dawa, tabibu na maradhi yenyewe ni maneno tuliyoyapokea kwao. Kwa hiyo neno la kwanza la istilahi yetu ni sahihi kabisa: linatuambia kwamba kuna utando, na kwamba utando huo umelika. Palipo na moto tu, au gesi tu, au kichefuchefu tu, hapajathibiti kidonda.

Na maadamu neno ni moja, yafaa tupite kwanza kinywani, ambako kidonda huonekana kwa macho bila ya chombo. Kile kidogo cha mviringo, cheupe au cha manjano katikati na chekundu pembezoni, kitokeacho upande wa ndani wa shavu au wa mdomo na kumfanya mtu aiogope ndimu, hupona chenyewe kwa wiki moja au mbili, na kusukutua maji ya chumvi humpa mgonjwa nafuu. Utando mweupe ufutikao na kuacha wekundu, ambao huwashika watoto wachanga na watu waliopungukiwa na kinga ya mwili, si kidonda hata kidogo. Huo ni kuvu, na dawa yake, nistatini, ni nyingine kabisa. Lakini kidonda cha kinywa kilichopita wiki tatu bila ya kupona, hata kama hakiumi, ni wajibu kionwe na daktari, hasa kwa mvutaji na kwa mtu wa uraibu wa kutafuna tambuu na popoo. Kwani popoo, iwe imetiwa tumbaku au haikutiwa, imeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa vitu visababishavyo saratani, na mjane wa Mombasa au wa Unguja aliyetafuna tambuu miaka arubaini hana habari kwamba alama nyeupe isiyofutika shavuni mwake yaweza kuwa mwanzo wa saratani.

Neno la pili, tumbo, ndilo lenye taabu. Katika lugha yetu tumbo ni sehemu yote ya mwili iliyo chini ya kifua. Pia ni mfuko ulio ndani yake upokeao chakula. Na mama mja mzito naye husemwa ana tumbo. Vitabu vya shule vimejaribu kupunguza utata kwa kuuita ule mfuko mfuko wa chakula, nami naona wamefanya vyema, lakini hata hapo istilahi haijatimia, kwa kuwa vidonda vinavyoitwa vya tumbo aghalabu havimo katika mfuko huo. Vimo mbele yake, katika kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Kipande hicho Herophilus wa Iskanderia alikipa jina kwa kuukadiria urefu wake kwa upana wa vidole kumi na viwili; Kilatini kikalifasiri jina hilo, na kutoka huko tumepata duodeni; Waarabu nao wakakiita ithnaashari, yaani cha kumi na mbili. Sisi tulio na thenashara katika hesabu zetu za zamani tungaliweza kukiita utumbo thenashara na mzee wa pwani akaelewa asili ya jina kwa kulisikia tu. Ila duodeni imekwisha kuingia vitabuni, na sioni faida ya kuipiga vita. Baina ya mfuko na duodeni kuna mlango mwembamba wa misuli ambao Wagiriki waliuita pilori, mlinda mlango, na Waarabu wakauita kwa neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani: bawabu. Hili ningependa sana lichukuliwe, kwa kuwa halina mpinzani, na kwa kuwa, kama nitakavyoonyesha, mhalifu mkuu wa maradhi haya amepewa jina la mlango huo.

Mfuko wa chakula hutoa maji makali ya asidi ya haidrokloriki, pamoja na pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini, ambacho Theodor Schwann alikigundua mwaka 1836. Kwamba maji hayo huyeyusha nyama tuliyokula na hayauyeyushi mfuko wenyewe, ni kwa sababu ukuta wake umefunikwa na ute mzito unaohuishwa kila saa. Kwa muda mrefu matabibu waliamini kwamba kidonda ni asidi iliyozidi na moyo uliojaa wasiwasi, basi wakatibu asidi na wasiwasi. Bertram Sippy, tabibu wa Chicago, mnamo mwaka 1915 aliwawekea wagonjwa wake utaratibu wa kunywa maziwa na malai kila saa, na kivuli cha utaratibu huo kingalipo kwetu katika nasaha ya kunywa maziwa mtu akisikia moto tumboni; maziwa hutuliza kwa kitambo, kisha huuchochea mfuko utoe asidi zaidi. Waliokosa nafuu walipasuliwa. Mgonjwa aliishi na maradhi yake miaka mingi, yakenda yakirudi, akilaumiwa kwa maharage aliyoyala na pilipili aliyoionja, ilhali pilipili haikuthibiti kuwa chanzo cha kidonda. Yaweza kumchoma aliye nacho, naye ni haki yake kuiacha.

Mambo yalibadilika mjini Perth, huko Australia. Robin Warren, bingwa wa kuchunguza nyama za mwili kwa hadubini, alianza mwaka 1979 kuona bakteria waliojipinda katika vipande vilivyokatwa tumboni mwa wagonjwa, mahali ambapo ilidhaniwa hapaishi kitu kwa ukali wa asidi. Daktari kijana, Barry Marshall, akajiunga naye. Wakajaribu kuwaotesha bakteria hao, nao hawakuota, mpaka sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982, sahani zilipoachwa siku nyingi kuliko desturi kwa sababu ya mapumziko, nao wakaota. Kwa kuwa wengi hawakusadiki, Marshall mwaka 1984 alikunywa bakteria hao mwenyewe, na siku chache baadaye akashikwa na kichefuchefu na kutapika, na utando wa mfuko wake wa chakula ukaonekana umevimba. Mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ndiye Helicobacter pylori, aliyejipinda, wa mlangoni. Nami ningemwita kwa Kiswahili bakteria wa bawabu. Hutengeneza amonia imkingayo na asidi iliyo karibu naye, kisha huudhoofisha ute na ukuta ulio chini yake. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wa dunia wamekuwa naye, aghalabu tangu utotoni, na kwamba wengi wao hawapati kidonda maishani mwao, jambo ambalo wagonjwa wetu wangepaswa kuelezwa kwa upole wapewapo majibu ya kipimo.

Sababu ya pili haina bakteria, nayo inaongezeka: ni dawa za maumivu, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupunguza kemikali za mwili ziulindazo ukuta wa mfuko. Mzee mwenye magoti mabovu anayezimeza kila siku, tena bila ya chakula, hujichimbia kidonda pasipo kujua, na pengine bila ya maumivu, mpaka siku anapotapika kitu kama mashapo ya kahawa au anapoona choo cheusi chenye kunata. Hiyo ni damu, na haina dawa ya kununuliwa dukani. Ni safari ya hospitali saa ile ile, kadhalika maumivu makali ya ghafla yanayolifanya tumbo lote kuwa gumu, kwani huenda kidonda kimetoboa.

Basi mtu ajuaje? Maumivu ya kidonda huwa kwenye chembe cha moyo, yaani juu ya kitovu, chini ya kifua. Yale ya duodeni huja mtu akiwa na njaa au usiku wa manane, yakatulia kwa chakula, na yale ya mfuko huja baada ya kula. Lakini dalili hizi hukhitilafiana mno, na kiungulia, ambacho ni asidi kupanda kwenye umio, hufanana nazo. Kwa hiyo ningewasihi madaktari wasemao lugha hii waseme maumivu ya chembe cha moyo kabla ya kupima, na kidonda baada ya kukiona, tena kwa umoja kikiwa kimoja, na kwa mahali pake. Kuona hufanywa kwa mpira mwembamba wenye kamera upitishwao kinywani, ambao pia hukata kipande kidogo cha nyama cha kuchunguzwa. Bakteria hutafutwa kwa kipimo cha pumzi au cha choo. Kile cha damu huonyesha kinga ya mwili, wala hakiwezi kupambanua maambukizo ya leo na yale yaliyokwisha kupita, nacho ndicho kinachotumiwa mno kwa wepesi wake. Aliyemeza omeprazoli, dawa ya kuzuia asidi, huiacha wiki mbili kabla ya kupimwa, na viuavijasumu wiki nne, la sivyo bakteria hujificha na kipimo kikasema hayupo.

Bakteria akithibiti, tiba ni dawa ya kuzuia asidi pamoja na viuavijasumu viwili au zaidi, kwa kawaida siku 14, na anayeacha siku ya tano kwa kuwa maumivu yametulia huwaacha hai bakteria waliokwisha kuizoea dawa. Baada ya kumaliza, hungojwa zipite wiki nne au zaidi, ndipo apimwe tena kwa pumzi au choo kujua kama wameondoka. Na aliyeonekana na kidonda katika mfuko wa chakula huangaliwa mara ya pili kwa kamera baada ya wiki kama nane, hata akiwa hasikii maumivu yoyote, kwa sababu saratani ya mfuko huo huweza kuonekana mwanzoni kama kidonda cha kawaida, na dawa za asidi zikautuliza uchungu wake huku yenyewe ikiendelea kukua.