Mkate wa Berkshire na Hoja ya Uvivu

Kila panapojadiliwa mpango wa kunusuru kaya maskini, iwe bungeni, redioni au kwenye mkutano wa kijiji, hoja moja haikosekani: mpe maskini fedha, naye ataacha jembe. Wanaoitoa huitoa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa zamani. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, ilipoanza kujaribu ruzuku za fedha katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, watafiti walilinganisha vijiji 40 vilivyopokea na vijiji 40 ambavyo havikuwa vimeanza kupokea. Walikuta kaya za walengwa zimenunua kuku na mbuzi, zimejiunga na mfuko wa afya ya jamii, na zimewavalisha watoto viatu. Hoja ya uvivu haikutikisika hata kidogo. Nadhani haitikisiki kwa sababu haikuzaliwa kijijini kwetu wala haikutokana na kuwatazama walengwa wetu. Ilipata umbo lake kusini mwa Uingereza, katika ripoti iliyoandikwa London mwaka 1834, na waliotukabidhi hawakutuambia ilivyoandikwa.

Yaliyotangulia yanajulikana, nami nayapitia mbio. Sheria ya mwaka 1601, enzi ya Malkia Elizabeth I, ilitaka kila parokia iwatunze maskini wake kwa kodi ya mahali hapohapo. Mwangalizi wa maskini, kwa kawaida mkulima au mwenye duka asiyelipwa ujira kwa kazi hiyo, aliikusanya kodi na kuigawa kadiri ya shida: pango la nyumba, kuni, mkate, viatu vya mtoto, sanda. Sheria ya mwaka 1662 ikaongeza kwamba mtu ana haki ya kusaidiwa katika parokia anakotambuliwa kuwa ni kwao, na akihamia pengine akawa mzigo anaweza kurudishwa. Wasomaji wa Dar es Salaam wataitambua fikra hiyo. Mwanahistoria Andrew Burton ameeleza kwa kina jinsi serikali ya kikoloni ilivyowakamata mjini watu wasio na kazi na kuwarejesha vijijini, na Waingereza walioyafanya hayo walikuwa wamekulia katika nchi iliyozoea kuuliza maskini ni wa wapi kabla ya kuuliza ana njaa kiasi gani.

Karne ya kumi na nane karibu yote naiacha, hadi miaka ya 1780 ambapo kasisi mmoja alifanya kazi ambayo wachumi wa wakati wake hawakuona haja ya kuifanya. Huyo ni David Davies wa Barkham, kijiji cha kaunti ya Berkshire. Aliingia katika nyumba za vibarua wa mashambani akahesabu wanachopata na wanachotumia kwa wiki: unga, hamira, chumvi, kipande cha nyama ya nguruwe, chai, sukari, sabuni, mishumaa, uzi wa kushonea viraka. Pembeni akaweka gharama za mwaka: pango, kuni, nguo, uzazi, maradhi. Kisha akawaomba watu wa kaunti nyingine wamletee hesabu kama hizo. Kitabu chake kuhusu hali ya vibarua wa kilimo kilitoka mwaka 1795, na kwangu mimi ndicho ushahidi ulio bora kuliko wote katika mgogoro huu, ingawa wanaobishana juu yake hukitaja kwa nadra.

Hesabu zile hazina mapambo. Mume anafanya kazi wiki nzima, mke anapata vijisenti pale kazi inapopatikana, na bado fungu la unga peke yake linameza zaidi ya nusu ya kipato. Yanapofika mahitaji ya mwaka, fedha imekwisha. Hapo hakuna ulevi wala anasa. Matajiri wa siku zile waliwasema sana vibarua kwa kunywa chai, na Davies aliwajibu kwa subira nisiyokuwa nayo. Aliwaonyesha kwamba chai ile ilikuwa maji ya chemchemi na majani machache yaliyotiwa rangi tu, na kwamba waliinywa kwa kuwa maziwa hayapatikani tena na kimea cha kutengenezea bia kimepandishwa kodi. Maziwa yalikuwa yametoweka kwa sababu ardhi ya malisho ya wote ilikuwa ikizungushiwa ua na kugeuzwa mali ya wachache. Familia iliyokuwa na ng'ombe mmoja na haki ya kuokota kuni sasa ilinunua kila kitu dukani, kwa mshahara uleule.

Mwaka ule kitabu kilipotoka, njaa ilibisha hodi. Mavuno ya 1794 yalikuwa mabaya, majira ya baridi yakawa makali, na vita na Ufaransa vilizuia ngano ya nje. Tarehe 6 Mei 1795 mahakimu wa Berkshire walikutana katika nyumba ya wageni iitwayo Pelican, mahali panapoitwa Speenhamland karibu na Newbury. Ajenda ilikuwa kupanga mishahara ya vibarua. Waliikwepa. Waliwasihi wakulima wapandishe mishahara kwa hiari yao, halafu wakatunga jedwali la msaada lililofungamanishwa na bei ya mkate. Mkate mkubwa wa karibu kilo 4 ukiuzwa shilingi 1, mwanamume mwenye bidii atahakikishiwa shilingi 3 kwa wiki, na shilingi 1 na peni 6 kwa mke na kwa kila mwana familia mwingine. Pale mshahara usipofikia kiasi hicho, kodi ya maskini itajazia. Kila bei ilipopanda peni 1, mwanamume aliongezewa peni 3 na kila mmoja wa wengine peni 1.

Wazo hilo halikuwa geni kabisa, wala halikuwahi kuwa sheria ya nchi nzima. Parokia za kusini na mashariki zilifanya mambo yanayofanana nalo, kila moja kwa namna yake, nyingi zikiyaanza bei inapopanda na kuyaacha inaposhuka. Bungeni, Samuel Whitbread alileta muswada wa kima cha chini cha mshahara. Waziri mkuu William Pitt aliupinga, ukaanguka mwanzoni mwa 1796. Ningependa msomaji aukumbuke muswada huo. Watu waliokataa mshahara upangwe ndio waliokuja kulalamika baadaye kwamba msaada unajazia mshahara.

Malalamiko yao hayakuwa yote ya uongo, na lipo moja ninaloliheshimu. Mkulima mwenye shamba kubwa, akijua parokia itajazia, hakuwa na sababu ya kumlipa kibarua ipasavyo. Mwenye duka na mkulima mdogo asiye na kibarua hata mmoja walilipa kodi iliyomfaidi jirani yao tajiri. Hilo ni kosa halisi. Lakini ni kosa la mwenye shamba, na tiba yake ilikuwa mezani mwaka 1796. Thomas Malthus alilitazama jambo hilohilo akaona kosa la maskini: kwamba anaoa mapema na kuzaa kwa kuwa analishwa. Sioni haja ya kumpa nafasi zaidi ya hiyo. Frederick Eden naye, aliyekusanya habari nyingi katika vitabu vitatu mwaka 1797, aliwashauri watu wa kusini wajifunze kula uji wa shayiri kama wenzao wa kaskazini, kana kwamba upungufu wa fedha ungetibiwa kwa kubadili chungu.

Kodi ya maskini ilipanda, hadi karibu pauni milioni 8 mwaka 1818, na walipa kodi wakachoka. Kisha, mwaka 1830, mashamba ya kusini yakawaka moto. Vibarua walivunja mashine za kupura nafaka, kwa maana kupura ndiyo ilikuwa kazi yao ya majira ya baridi, na walidai mishahara. Watu walioambiwa wamepumbazwa na msaada walikuwa wakihatarisha shingo zao wakidai kazi. Waliopatikana na hatia walihukumiwa bila huruma: 19 walinyongwa na karibu 500 wakapelekwa uhamishoni ng'ambo ya bahari, Australia.

Serikali iliunda tume mwaka 1832, na hapa ndipo ninapotaka kusimama. Tume ilituma hojaji kwa parokia zote, ambazo zilikuwa takriban 15,000. Zilizojibu zilikuwa kama moja katika kila kumi. Nassau Senior na Edwin Chadwick, walioiandika ripoti, waliamini kabla ya kuanza kwamba msaada nje ya nyumba ya kazi, yaani makao ambamo maskini alilishwa kwa kufanyishwa kazi, umemharibu kibarua: umemfanya mvivu, mzazi asiyefikiri na mtu asiye na heshima. Ripoti ya 1834 ikajaa visa vilivyochaguliwa ili kuthibitisha imani hiyo, na majibu ya parokia yakafungwa katika viambatisho vikubwa ambavyo wasomaji wachache walivigusa. Sheria ilipita mwaka huohuo. Mwenye nguvu za kufanya kazi angesaidiwa ndani ya nyumba ya kazi tu, na maisha ya humo yafanywe magumu kuliko ya kibarua duni aliye huru. Mume alitengwa na mke, na watoto wakatengwa na wote wawili. Mwaka 1845 ilibainika kwamba katika nyumba ya Andover watu waliopewa kazi ya kusaga mifupa ya mbolea walikuwa wakigombania mabaki ya uboho ndani yake kwa njaa.

Ilichukua zaidi ya karne moja mtu kuvifungua viambatisho vile kwa uangalifu. Mwanahistoria wa uchumi Mark Blaug alichapisha mwaka 1963 na 1964 makala mbili, ya pili ikitokana na majibu ya parokia zenyewe. Alionyesha kwamba kufikia 1832 kujazia mishahara kulikuwa kumeachwa karibu kila mahali. Kilichobaki sehemu nyingi ni posho ya watoto kwa familia kubwa. Na msaada ulikuwa mkubwa pale ambapo mishahara ilikuwa duni na kazi ni ya msimu. Waandishi wa ripoti walikuwa wamegeuza dalili kuwa ugonjwa. Wapo waliomsahihisha Blaug katika mambo kadhaa, lakini ripoti ya 1834 haijapata tena heshima iliyokuwa nayo.

Kinachoniuma zaidi ni mwanahistoria wa uchumi Karl Polanyi. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1944 aliitumia Speenhamland kueleza jinsi soko la ajira lilivyozaliwa, akaichora kama mtego uliomshusha kibarua utu wake. Alikuwa upande wa maskini kwa moyo wote, na lengo lake lilikuwa kulishtaki soko. Ila kuhusu yaliyotokea vijijini aliwategemea walioitegemea ripoti ya Senior na Chadwick. Mwaka 1969, Rais Nixon wa Marekani alipokuwa akipanga kuzihakikishia familia maskini kipato cha chini, mshauri wake Martin Anderson alimpa waraka wenye dondoo za Polanyi kuhusu Speenhamland. Mpango ule haukupita katika Seneti, na sidai kwamba waraka peke yake uliuangusha. Ninachosema ni kwamba majibu yasiyosomwa ya 1832 yalifika mezani kwa rais kama somo la historia.

Maskini wenyewe, katika haya yote, waliandika. Mwanahistoria Thomas Sokoll amekusanya barua 758 za watu wa Essex walioishi mbali na parokia zao wakiomba msaada kwa njia ya posta. Zimeandikwa kadiri sikio lilivyosikia maneno. Zinaomba pango la nyumba kabla vyombo havijakamatwa, dawa ya mke aliye kitandani, viatu na nguo ili binti aweze kupokelewa kazini. Wengi wanamkumbusha mwangalizi, kwa adabu lakini bila kubembeleza, kwamba asipotuma shilingi chache watalazimika kurudi nyumbani na watoto wote, na hapo parokia italipa zaidi. Hawa walijua sheria, walijua hesabu, na walijua ni nani wanayezungumza naye. Nimezisoma nikiwa na ripoti ya 1834 kando, na mtu anayeelezwa katika ripoti sijamkuta katika barua hata moja.

Baada ya 1834 barua hazikukoma, zilibadili anwani tu. Sasa ziliandikwa kwa makamishna wa sheria mpya ya maskini, London, zikilalamikia mkate uliopunguzwa, mzee aliyenyimwa posho, mjane aliyetenganishwa na wanawe. Zimehifadhiwa Kew, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, ndani ya mfululizo wa MH 12 wenye juzuu zaidi ya 16,000. Sehemu kubwa ya juzuu hizo haijachapishwa.