Diaca na Njia ya Mueda

Msafiri atokaye Pemba kwenda Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, akiisha kuzipita Macomia na Chai, huwasili njia panda ya Awasse. Na hapo, akiiacha mkono wa kuume barabara iteremkayo bandari ya Mocímboa da Praia, yapata kilomita 40, hushika njia ya magharibi, akapita kijiji cha Diaca na kuanza kuukwea uwanda wa Wamakonde, asiuone mji huo wa Wamwani wala bahari yake. Leo njia hii ya magharibi humwepusha mtu na mji. Lakini asili ya njia yenyewe ilikuwa kuifungamanisha pwani na bara, tena kwa nguvu.

Kampuni ya Nyassa, iliyopewa na Wareno hati ya kuitawala nchi hii mwaka 1891, haikuweza kwa muda mrefu kuwatiisha Wamakonde, waliojihifadhi juu ya uwanda wao penye vichaka vizito na maji haba. Hata mwaka 1917, katikati ya vita vikuu vya kwanza, majeshi ya Wareno yalipoteremshwa Mocímboa da Praia ili kuwakabili Wajerumani wa ng'ambo ya mto Ruvuma, ndipo njia ya kupandia bara ilipopasuliwa, na shehena zikachukuliwa vichwani na wapagazi waliotolewa majumbani mwao kwa shuruti.

Baada ya mauaji ya raia yaliyofanywa na Wareno huko Mueda tarehe 16 Juni 1960, na baada ya FRELIMO kuanzisha vita vya ukombozi huko Chai tarehe 25 Septemba 1964, njia hii ya Diaca iligeuka kuwa njia ya hofu. Chakula na risasi za kambi ya Wareno ya Mueda zilishushwa bandarini na kupandishwa kwa malori; nao wapiganaji wakafukia mabomu barabarani, hata msafara mzima ukawa unakwenda kwa mwendo wa miguu, mbele yake askari wakitembea na fimbo zenye ncha ya chuma, wakidunga mchanga hatua kwa hatua, na palipogota kitu kigumu wote wakasimama. Hata hamla kubwa ya Jenerali Kaúlza de Arriaga ya Julai 1970 haikuwarudishia Wareno amani juu ya uwanda ule, na mwaka 1975 Msumbiji ikapata uhuru.

Fitina nyingine ilizuka tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa na waasi. Mji ukatekwa Agosti 2020, usikombolewe ila tarehe 8 Agosti 2021, kwa majeshi ya Msumbiji na Rwanda, ambayo sehemu yake ilitokea upande wa Awasse. Katika muda huo raia walihama makwao, na aliyetaka kufika Mueda kutoka Pemba alilazimika kuzunguka kwa njia mbovu ya Montepuez.

Basi kila dola iliyopita Diaca imeitaka barabara hii kwa ajili ya askari wake. Lakini barabara haihesabiwi kuwa imefunguliwa kwa kupitiwa na vifaru, bali siku mkulima wa Diaca atakapopeleka mhogo na korosho zake sokoni, akarejea nyumbani salama bila ya kuomba ulinzi wa mtu.