Jina la Lettow na mizinga ya Rufiji

Wadau, kila nikipita Kibiti naikumbuka Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoishia kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikaenda kwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck.

Shuleni tulilikariri jina hilo kama la Kijerumani tupu. Kumbe Lettow lina asili ya Kislavi! Ule mwisho wa "-ow" umejaa kwenye majina ya vijiji vya Pomerania, pwani ya Baltiki, ambako sehemu kubwa leo ni Poland. Waslavi wengi wa huko waligeuka Wajerumani, lugha ikawapotea, majina yakabaki. Na hilo la Lettow-Vorbeck ni adimu, la ukoo mmoja tu.

Mwenyewe alifariki Hamburg mwaka 1964, jina likiwa vitabuni. Je, wapagazi walioikokota mizinga ile waliitwa nani? Wenzao wa upande wa Waingereza wameachiwa neno moja la jumla: Kariakoo.

Jamani, kama kwenu kuna mzee anayekumbuka hata jina moja, liandikeni leo.