Njia ya Chemchemi na Mipaka ya Mashamba

Wazee wetu na wanachama wa Mosocho, kabla ya mashamba kupimwa, malisho na chemchemi vilikuwa vya ukoo mzima. Vijana walilinda ng'ombe pamoja katika maboma yaitwayo ebisarate, hata Serikali ya kikoloni ilipoyavunja karibu na mwaka 1912. Kisha ukaja Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na baadaye Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963. Hati zilipunguza ugomvi wa mipaka, lakini mabonde yaligawanyika, ua ukapandwa, na mikaratusi ikanywa maji.

Hata hivyo, sheria ile haikufuta haki za njia na maji zilizokuwapo wakati wa usajili wa kwanza. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inazilinda vilevile. Bali njia mpya, au kivuli cha mtoni kitakachoachwa wazi kwa watu wote, vyataka mapatano. Ahadi ya mdomo huzikwa pamoja na aliyeitoa.

Kwa hiyo twawasihi wenye mashamba yanayopakana mtoni waketi mbele ya wazee, wapime upana wa njia, wataje atakayesafisha chemchemi, kisha waandike na kusajili. Warithi wetu wapokee shamba pamoja na wajibu wake.