Chupa ya shangazi

Shangazi yangu alikuwa akinunua dagaa Sota, kando ya Ziwa Victoria, na kuja kuwauza gulioni kwetu Susuni. Likizo ikifika, mimi ndiye mbeba mzigo. Miaka ya 70 hiyo: unaingia ziwani maji yakufike kifuani, na vidole vya miguu unaviona.

Mwaka 1994, nikiwa mwalimu wa sayansi, nilichota maji palepale kwa chupa ya soda nikaiweka dirishani kwa shangazi. Hadi jioni, utando wa kijani ulikuwa umepanda juu, mzito kama rangi ya mlango.

Hadubini ya shule ilikuwa moja, lenzi yake ina ukungu, lakini ilitosha. Niliona mafungu ya vidonge vya kijani yamezama kwenye ute, mfano wa mayai ya chura, na ndani ya ute chembe ndogo zaidi zinachezacheza. Vidonge vile ni sayanobakteria. Tunawaita mwani, ingawa kwa ukoo ni bakteria. Wanapika sukari kwa jua, nyingine inavujia kwenye ute. Zile chembe, bakteria wapangaji, wanaila, na kodi yao ni hewa ya ukaa na virutubisho. Mwani wa kweli, wa ziwani na wa baharini, nao una madeni yake: mwaka 2005 watafiti wa Cambridge walipitia spishi 326, wakakuta zaidi ya nusu haziishi bila vitamini B12, na vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria.

Ujirani huo ni wa kale. Ziwani kwetu aliyebadilika ni mwenye nyumba. Mwanasayansi Talling alipolipima ziwa mwaka 1960 na 1961, daiatomu walikuwa bado wakubwa wa maji, mwani wenye magamba ya silika, kitu kilekile cha kioo. Ila matope ya chini yanaonyesha mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930. Reli ilishafika Kisumu mwaka 1901, misitu ikafyekwa, mashamba yakapanda vilimani, na mito ikateremsha udongo wenye fosforasi. Daiatomu wakashiba, wakazaana, wakafa, wakazama na magamba yao. Kufikia 1990 silika majini ilipungua karibu mara kumi. Sayanobakteria hawaihitaji, na baadhi yao hujichukulia naitrojeni hewani. Wakahamia.

Wengi humlaumu sangara, aliyepandikizwa miaka ya 50. Ana makosa yake, waulize furu, samaki wadogo aliowala, lakini hili la rangi anasingiziwa kupita kiasi. Udongo ulitangulia, na sehemu yake ilitoka kwenye majembe ya huku kwetu Tarime.

Shangazi aliinusa ile chupa. "Mwanangu, dagaa wanakula hii?"

Nikamwambia wanakula vijidudu vinavyokula mwani.

"Basi wateja usiwaambie," akasema, akaenda kuimwagia migomba.